Kapu la Mama Chola na Maneno ya Dharau

Elisabethville, siku ya pili ya juma, tarehe 22 Agosti 1961.
Asubuhi: baridi kavu, jua jeupe, upepo kutoka upande wa Luano, vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari. Ndege mbili zimetua kabla ya saa mbili.

Mwanangu Ntumba,

Nimeanza kama ninavyoanza daftari langu kila siku, kwa tarehe na hali ya hewa, maana mkono wangu haujui kuanza namna nyingine. Wewe hunicheka kwa hilo. Ucheke tu. Sasa ni saa moja na nusu jioni. Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa waya, ingawa nimemwambia mara mbili kwamba sanduku haliendi. Wewe umejifungia chumbani tangu saa kumi. Treni ya Sakania, mpakani, inaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mpaka dakika hii sijui kama utapanda.

Mambo ya blanketi, ya kwinini na ya kufua soksi sitayaandika. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwenye shule ya wauguzi, watu watakuambia hayo kila siku mpaka uchoke. Nataka kukuandikia juu ya neno ulilolikataa leo mchana, na juu ya siku nilipolitumia mimi. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako kabla hujalala, uisome, kisha uamue.

Kwanza niyapange ya leo, kwa sababu ukiwa na hasira mambo huingiliana.

Mama Chola alifika saa tisa. Alipita sebuleni bila kubisha hodi, akasimama katikati ya zulia.

«Mama Ntumba, leo nimepitia mulango ya mbele,» akasema. «Utanifukuza tena?»

«Kaa, Mama Chola.»

«Nakaa. Lakini miguu yangu iko na matope ya shamba ya Naviundu. Unaiona? Angalia muzuri, usiseme kesho sikukuambia.»

Ulicheka, nami nikacheka kidogo. Nitaeleza baadaye kwa nini nilicheka kidogo. Kisha akakugeukia.

«Bon. Sikiliza, mutoto. Kesho weye hauko Ntumba. Weye uko boyesse yangu. Unabeba kitunga, unanifwata nyuma, unafunga kinywa. Basoda na bunduki yabo bakiuliza, miye njo nitajibu.»

«Juu ya nini nisikuwe mutoto ya dada yako?» uliuliza.

«Mutoto ya dada yangu anajua Kilamba. Basoda ya Sakania batamusemesha Kilamba. Weye utabajibu nini? Bonjour?»

«Na boyesse?»

«Boyesse, nani atamusemesha? Hata jina habamuulizi.»

Hapo ulisimama. «Miye sibebe kitunga ya muntu. Nimesoma hii miaka yote juu ya kubeba kabichi?»

Nami nikasema lile jambo la kijinga: «Ni neno tu, Ntumba. Ni safari ya siku moja.»

«Kwako ni neno tu, mama. Weye hakuna muntu alishakuita vile.»

Mlango ukafungwa. Mama Chola akasema, «Kichwa nguvu. Muzuri, kitunga yangu iko nzito.» Akaliacha kapu jikoni na kwenda zake, kwa mlango wa mbele.

Ulisema kweli. Mimi hakuna mtu aliyepata kuniita boyesse. Mimi ndiye niliyemwita mtu.

Lakini niende polepole. Unajua kwa nini tunakupeleka kwa njia hii. Tangu Katanga ijitenge, sisi watu wa Kasai tumegeuka wageni katika mji ambao baba zetu na waume zetu wamefanyia kazi tangu reli ilipofika. Katika barabara yetu milango miwili imevunjwa. Jirani zetu wamebeba magodoro na kwenda kulala karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Wiki iliyopita binti mmoja, mwenye cheti cha shule na jina la Kasai kama wewe, aliteremshwa Sakania, na treni ikaondoka bila yeye. Alirudi baada ya siku tatu, na mpaka leo haongei. Msichana mwenye viatu vya shule na sanduku huulizwa. Mwanamke wa shamba na mtumishi wake hupita. Mama Chola amepita hapo maisha yake yote. Dada yake yuko Ndola, na mababu zake walikuwa hapa kabla ya mtu yeyote kujua kuna shaba chini.

Mwezi wa Julai mwaka jana, wazungu walipokimbilia Rodezia, baba yako aliokota kamusi ya Kiingereza kwenye benchi la kituo cha treni. Nene, haina jalada, na ukurasa wa kwanza umechanika hapo lilipokuwa jina la mwenyewe. Ndiyo tuliyojifunzia wewe na mimi, maneno kumi kila jioni, na matamshi yetu Mungu peke yake ndiye anayeyajua. Hukujua kwamba wewe ukishalala nilikuwa naendelea peke yangu. Nilikuwa na daftari la pili, la kijani. Ndani yake niliandika maneno yote ambayo Mwingereza anaweza kumtukania mtu anayemwona yuko chini. Nilifikiri: mwanangu anakwenda kuishi na watu hawa. Akitukanwa, ajue ametukanwa. Asitabasamu kama mimi nilivyotabasamu miaka miwili mbele ya sista mmoja, nikidhani ananisifu.

Nimefikisha maneno arobaini na moja. Kamusi ile ina tabia nzuri: baada ya kueleza maana ya neno, inasema lilitoka wapi. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Tazama «villain». Leo ni mtu mwovu, jambazi. Mwanzo alikuwa mtu anayefanya kazi katika shamba la bwana, basi. Nilimfikiria Mama Chola na kabichi zake. «Boor», mtu asiye na adabu, alikuwa mkulima. «Churl», mtu mkali asiye na malezi, alikuwa mwanamume wa kawaida, mtu huru asiye na cheo. «Lewd» sasa ni mtu mchafu wa maneno na matendo. Zamani alikuwa tu mtu ambaye si padri, ambaye hakusoma. «Mean» ni uchoyo na roho mbaya, lakini mwanzo lilimaanisha kitu ambacho watu wote wanacho pamoja. Hilo nililirudia mara nyingi. Kitu cha wote kikageuka kuwa kitu kibaya. «Humble» limetoka kwenye neno la udongo: mtu aliye karibu na ardhi. «Despise», kudharau, ni kutazama kutoka juu. Kuhusu «scorn» kamusi haina hakika; inataja njia moja, halafu nyingine, halafu inakiri kwamba haijui. Niliipenda kwa kukiri huko.

«Wretch» utalisikia hospitalini, nadhani. Mtu duni, wa kuhurumiwa na kudharauliwa kwa pamoja. Mwanzo lilimaanisha mtu aliyefukuzwa kwao. Ukilisikia, usishtuke. Mwaka huu ni sisi.

Na «knave», mjanja asiyeaminika. Alikuwa mtoto wa kiume. Mtoto akatumwa kazi, akaitwa mtumishi; mtumishi akadharauliwa, akaitwa mwizi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi tumeliona likitokea mbele ya macho yetu. Waingereza wana neno lao jingine la mtoto wa kiume, «boy». Wabelgiji wakalichukua, wakalileta hapa, wakamwita nalo mpishi mwenye mvi na wajukuu. Kisha wakaliongezea mkia wa Kifaransa, likawa la mwanamke: boyesse. London hawalijui neno hilo, na Brussels hawalitumii. Limezaliwa hapa, katika jikoni zetu.

Karibu kila neno katika daftari langu liko hivyo. Mwanzo lilisema tu mtu anakaa wapi au anafanya kazi gani. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya uliletwa na watu waliokuwa wanalitamka, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto anayezaliwa leo analikuta limeshaoza. Nilifurahi na ugunduzi wangu kama mtu aliyemkamata mwizi. Kisha nikakutana na neno jingine la herufi M.

«Menial». Kazi duni, ya mtumishi, ya kudharauliwa. Na chini yake, kwa herufi ndogo: hapo zamani, mtu wa nyumba ile, yeyote anayekaa chini ya paa moja na wenyewe.

Nilifunga kamusi. Sikulinakili katika daftari la kijani, wala sikukufundisha jioni. Ndiyo maana hulijui.

Sasa nikuambie juu ya Kaku.

Unamkumbuka bibi yako kidogo. Unakumbuka tumbaku yake, na kwamba alikuwa anakuita mke mwenzake. Nilikuambia kwamba alirudi Kasai kwa sababu baridi ya hapa ilimwingia mifupani. Si kweli. Ulikuwa na miaka sita wakati huo.

Wakati ule kulikuwa na ile kadi. Wewe umekua ikiwa imeshakuwa karatasi tu, lakini sisi tuliitamani kuliko nguo. Mweusi aliyepewa kadi alihesabiwa kuwa mstaarabu. Aliweza kutembea mjini baada ya saa za katazo, na mzungu alimwambia «vous» ya heshima mbele ya watu. Ili uipate, kamati ilikuja nyumbani kwako kukagua. Waliangalia mashuka. Waliangalia choo. Waliuliza kama mume na mke wanakula meza moja, kama watoto wana kitanda chao. Walifungua makabati na kuhesabu uma. Katika barabara yetu kulikuwa na seti moja ya uma iliyokuwa inazunguka nyumba hadi nyumba siku za ukaguzi. Nadhani wale mabwana waliijua kuliko sisi, ila hawakusema.

Kaku alikuwa amekuja kunisaidia nilipompoteza mdogo wako. Alikaa nasi mwaka mmoja na miezi minne; hilo limo katika daftari. Alikuwa mama yangu mzazi, aliyeuza mihogo yake ili mimi nisome kwa masista, mtoto wa kike wa kwanza wa kijiji chetu kuvuka darasa la sita. Hakuwahi kukalia kiti hapa ndani. Alikuwa anakaa kwenye mkeka jikoni, akila ugali wake wa bukari kutoka kwenye sufuria, kwa mkono, na kukucheka wewe ulivyokuwa unahangaika na uma.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilimwambia, «Mama, kesho ungekwenda kuwasalimu watu wa Katuba.»

«Nani amekufa Katuba?»

«Hakuna. Kusalimu tu.»

Alinitazama. «Magoti yananiuma. Nitakaa jikoni, sitakohoa.»

Walikuja saa nne asubuhi, watatu, wazungu wawili na karani mweusi aliyekuwa na kadi tayari. Kila kitu kilikwenda vizuri. Wewe ulisema «Bonjour, monsieur» bila kuangalia miguu yako. Baba yako alionyesha vitabu vyake. Kisha yule mzee kati yao alifungua mlango wa jikoni, na pale alikuwa mama yangu, chini, miguu imenyooka, kitambaa kimefunguka kichwani, anachambua maharage.

«Na huyu?»

Ntumba, sikufikiri. Ndiyo kitu kinachoniogopesha mpaka leo. Kama ningefikiri ningeweza kusema nilipima nikakosea. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwa Kifaransa kizuri: «C'est la boyesse, monsieur.»

Baba yako alitazama viatu vyake. Mzee yule aliitikia kwa kichwa, akaandika. Hakuuliza jina. Mama Chola amesema kweli leo: hawaulizi.

Kaku hakujua Kifaransa, lakini hilo neno moja barabara nzima ililijua. Aliinuka kwa kushikilia ukuta. Alinawa mikono. Akafunga kitambaa chake vizuri, akachukua sinia la chai ambalo mimi nilikuwa nimepanga kulileta mwenyewe, akaliweka mezani, akarudi nyuma na kusimama nyuma ya kiti changu mpaka walipoondoka. Sukari ilipoisha katika kibakuli alikwenda kuongeza. Hakuna aliyemwagiza.

Jioni ile niliandika katika daftari: Wageni saa nne. Chai. Kila kitu sawa. Nimelitazama tena leo. Mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa na maneno yangu tayari: kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba wangetunyima kadi kwa sababu ya mkeka mmoja. Hakunipa nafasi. Kesho yake asubuhi alibisha mlango wa chumba changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, «Madame, maji iko moto.»

Kwa Kiswahili. Mama yangu, ambaye nami aliongea Kiluba chetu cha Kasai tangu nikiwa tumboni.

Aliniita madame kwa wiki tatu. Alikula baada yetu. Aliomba ruhusa kwenda kanisani. Nilipolia alisema, «Madame anaumwa?» na kuniletea maji. Hakukuwa na mtu wa kutazama, na hakucheka. Wiki ya nne aliomba tiketi ya treni. Baba yako alimnunulia. Pale kituoni alikubeba wewe, akakuaga kama mke mwenzake, akampa baba yako mkono. Kwangu alisema, «Asante kwa kazi, madame.»

Kadi ilikuja miezi mitano baadaye. Kaku alifariki mwaka wa tatu, kabla sijapata likizo ya kwenda. Nilikuwa na kila nafasi ya kuandika barua kabla ya hapo. Jirani yake mwalimu angemsomea. Nilianza nane. Naweza kukuonyesha tarehe zake.

Ungedhani nilijifunza papo hapo. Sikujifunza. Mwaka ule ule wa kifo chake, mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwangu na kapu la kabichi, miguu ina matope, akasema karibu ununue, mama. Nikamwambia wauzaji wapite nyuma. Alipogeuka nikawaambia wanafunzi niliokuwa nawafundisha sebuleni kwangu, kwa sauti ya kutosha, kwamba basenji, washamba wa porini, hawajui mlango ni nini. Huyo alikuwa Mama Chola. Alisikia. Alirudi juma lililofuata kwa mlango wa nyuma, kabichi zake zilikuwa nzuri, na tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha kwa mzaha. Imenichukua miaka kujua kwamba mzaha ule ni zawadi. Kaku hakunipa mzaha. Alinipa madame.

Basi, ninachotaka kukuambia ni hiki. Neno ulilolikataa leo ulilikataa kwa sababu sisi ndio tuliokufundisha kwamba kuna watu wanaoitwa hivyo na watu wasioitwa hivyo, na kwamba kazi yote ya shule ni kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nilikosea. Msichana anayebeba kapu la mtu hana kosa lolote. Hukuogopa kapu, uliogopa jicho la atakayekutazama. Mimi jicho hilo nilikuwa nalo. Nilimtazama nalo mama yangu akichambua maharage yangu.

Na tena kuna tofauti kati ya kesho yako na jana yangu, nami nina hakika nayo kabisa. Mimi nilimvika mtu jina asilolitaka, ili mimi nionekane mrefu. Kesho Mama Chola atakuvika jina ili upite salama, na yeye ndiye atakayejiweka hatarini kwa kulisema mbele ya bunduki. Kule ng'ambo atalivua. Kama askari mmoja akikutazama kana kwamba wewe si mtu, litazame kapu lako na ufikirie mifupa mia mbili na sita ya mwili uliyoikariri. Yeye haijui hata mmoja.

Utapanda. Nakujua. Una kiburi cha Kaku, na kiburi chake kilikuwa na miguu imara.

*

Niliacha kalamu saa tatu na dakika kumi, kwa sababu ulitoka chumbani. Yaliyofuata unayajua, lakini nisipoyaandika sitalala.

Ulikuwa peku. Hukunitazama.

«Mama, kitunga ya Mama Chola iko wapi?»

«Jikoni.»

Nilisikia unalivuta. Kisha ukaja sebuleni nalo kichwani, umelishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika kofia katika upepo, shingo imeingia mabegani, unatembea kwa ncha za vidole. Miezi yote hii nimefikiria jina lako, viatu vyako, lugha yako. Sikufikiria hili. Hujui kubeba. Msichana wa miaka kumi na saba, katika mji huu, hajui kubeba kitu kichwani, kwa sababu mama yake alimkataza. Siku moja uliweka ndoo ndogo kichwani ukiwaiga watoto wa bombani, nami niliishusha mbele yao wote na kusema hayo si ya kwetu. Askari wa Sakania wana mama. Wangekutazama hatua tatu tu na kujua hujawahi kuwa boyesse wa mtu yeyote.

«Shusha,» nilisema. Nikachana kitambaa changu cha zamani cha bluu, nikakusokotea kata ya kuweka kichwani chini ya kapu. Nikakuonyesha. Sijabeba tangu nilipoingia shule ya masista, lakini shingo ilikumbuka.

Mara ya kwanza kabichi mbili zilibingirika mpaka chini ya kiti cha baba yako, na samaki wakavu wakamwagika kwenye zulia. Baba yako, aliyekwisha kuingia kutoka uani, aliinua miguu yake na kusema, «Basoda ya Sakania, mutuhurumie.» Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia.

Kutoka mlango wa chumba chako mpaka mlango wa jikoni ni hatua kumi na mbili. Mara ya pili ulifika sita. Mara ya nne ulifika tisa ukiwa umeshika kwa mkono mmoja.

«Usitembee kwa vidole,» nilikuambia. «Tembea kama umesikia mtu anakuita kwa mbali na huna haraka.»

«Nani alikufundisha hivyo?»

«Kaku.»

Ulisimama, kapu juu. «Mama, Kaku alikuwaje? Kweli kweli?»

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Kurasa zote hizi zilikuwa mezani, wino haujakauka. Baba yako alitazama viatu vyake. Nilifungua mdomo, nikasema, «Nyoosha shingo.»

Ukanyoosha.

Mara ya tisa ulikwenda na kurudi, mikono ikining'inia, kiuno kikienda chenyewe, na ulipogeuka kwenye mlango wa jikoni hukupunguza mwendo. Kama ningekuwa askari nisingekutazama mara ya pili. Nisamehe kwa kusema hivyo. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizopata kukupa. Ukalishusha kapu, ukasema, «Uniamshe saa kumi,» ukaingia kulala.

Kwa hiyo barua hii haina tena kazi ya kukushawishi. Umejishawishi mwenyewe, pasipo mimi, na nimefurahi kwa hilo kuliko kama ningefaulu. Sitaipitisha chini ya mlango. Nitaikunja nyembamba na kuishona ndani ya kata. Utavuka nayo mpaka ikiwa chini ya kabichi za Mama Chola, na mtumishi asiyeulizwa jina hafumuliwi kitambaa cha kichwani. Ndola utaifumua na kuisoma. Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa Ndola. Nitaivumilia hasira yako kwa furaha, maana itakuwa imefika salama.

Ukiwa shuleni watakupa kikaratasi cha kujaza. Mimi najua shule. Huwa wanauliza jina la baba, jina la mama, mara nyingine kazi ya mama. Hawaulizi juu ya bibi. Lakini wewe utakapokuwa muuguzi na daftari la wodi mkononi mwako, ataletwa mwanamke mzee, peku, na binti yake aliyevaa vizuri atajibu maswali yote kwa niaba yake, kwa haraka. Mwache binti amalize. Kisha piga magoti karibu na kitanda na umuulize mzee mwenyewe anaitwa nani, na ungoje mpaka ajibu.

Mama yangu aliitwa Meta wa Tshibangu. Sijapata kuliandika jina lake popote, hata katika daftari langu. Mwandiko wangu umetetemeka kidogo, utaona.

Mama yako,
Kapinga

Saa tano na nusu usiku. Hakuna milio ya risasi, mbwa tu. Kushona: robo saa. Kulala: saa sita kasorobo.